Harufu ya Mstari wa Tisa

Nianze na yule mama wa kiti cha mbele, maana hadi leo nikimkumbuka nasikia kutema mate.

Alikuwa amefunga kilemba cha kitenge kilichokizidi kiti chake upana, na kabla ndege haijamaliza kupanda juu ya ziwa alikuwa ameshageuka mara tatu. Mara ya kwanza alimtazama mwanangu, akamchekea. Mara ya pili akakunja pua. Mara ya tatu akamtazama mzee aliyekaa kando yangu, akainua mkono kumwita mhudumu, akasema kwa sauti ya kuwatosha watu wote, "Dada, huku kuna mtu amelewa."

Hakuwa amelewa. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili hata asiye na subira ya kusoma mpaka mwisho aondoke nalo. Yule mzee alikuwa anakufa, na sisi tuliomzunguka tulikuwa tunaziba pua.

Nasema sisi. Mtaona kwa nini.

Nilikuwa natoka Kishanda, Muleba, kwa mama mkwe wangu, kumpeleka mjukuu wake aonekane. Mtoto alikuwa na miezi minane. Kwenda tulikwenda kwa basi kutoka Dar, siku mbili, mtoto akatapika njia nzima na mimi nikatapika naye, kwa hiyo kaka yangu akasema kurudi mtarudi kwa ndege, akakata tiketi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege na sikutaka mtu yeyote ajue.

Mama mkwe hakukubali niondoke mikono mitupu. Siku ya mwisho alikamua omuramba. Kwa asiyejua, hayo ni maji ya ndizi mbivu, zinakandwa na nyasi mpaka zitoe juisi, tamu hadi meno yanauma. Ikiwa mpya si pombe, hata watoto wanapewa. Ikitiwa mtama ikalala ndiyo inakuwa rubisi, na hata usipoitia kitu, ukiiacha kwenye joto, inaanza kugeuka yenyewe. Mama mkwe aliijaza kwenye kidumu kidogo, akakiziba mdomo kwa jani kavu la mgomba alilolisokota kwa vidole vyake.

"Hii ya mwanangu," akaniambia. "Aonje ndizi za kibanja chake. Na usiikaze, mae. Inapumua hii."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nilipofika nyumbani kwetu Bilele, pale Bukoba mjini, nikakiweka kile kidumu mezani, nikakitazama na jani lake. Nikajiona nimekishika ndani ya ndege, wenye masanduku ya magurudumu wananitazama. Mimi nimemaliza kidato cha nne, jamani, nipande ndege na kizibo cha jani? Nikaimimina yote kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaiviringisha kwenye khanga na kuisokomeza chini ya nepi. Kwenye ukaguzi nikasema ni juisi ya mtoto. Sikudanganya sana.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, ndege haikuweza kutua. Tukaambiwa nusu saa. Nusu saa ikapita tukaambiwa nusu saa. Hapo ndipo nilipokutana na mzee.

Alisimama kunipisha kiti. Mzee wa miaka kama sabini, suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama imechorwa, viatu vinang'aa ingawa nje kulikuwa matope. Nikamwamkia kwa Kihaya, akaniitikia taratibu, na waitu yake ya heshima juu, kana kwamba mimi ni mtu mkubwa. Akaniuliza natoka wapi, nimeolewa wapi. Nikamwambia. Akasema yeye anaishi Mwanza na binti yake, alikuja Nyanga kumzika dada yake. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri, na katika kumsifu marehemu akaniambia kuwa nyumba yao yote haikuwahi kuweka pombe tangu baba yao alipobatizwa.

"Leo nimeondoka msibani mbio," akasema. "Ndizi bado ziko jikoni nikasikia gari linapiga honi. Nikawaambia kuleni, mimi nitakula kwangu."

Nilikuwa na maandazi. Nikamkaribisha. Akaweka mkono kifuani, akashukuru.

"Wakola, mwanangu. Mpe mtoto."

Nikamkaribisha tena, akakataa tena. Wazee wetu wa aina yake hawatafuni kitu mbele ya watu wasiowajua. Wanaona ni utovu wa adabu, mtu mzima kukaa kwenye benchi mdomo unacheza. Nilijua hivyo, sikumlazimisha. Tukakaa pale saa mbili na zaidi. Jua likatoka, likatupiga kupitia kioo. Begi langu lilikuwa kwenye kioo hichohicho.

Tulipoingia ndani tukajikuta tumepangwa pamoja, mstari wa tisa, mimi dirishani na mtoto mapajani, yeye upande wa njia. Begi langu nikalisukuma chini ya kiti cha mbele, katikati ya miguu yangu na yake. Alinisaidia kufunga mkanda bila kunifanya nionekane sijui. Alinyosha tu mkono akasema, "Huu una ukaidi," akaubana. Namkumbuka kwa hilo.

Ndege ikaruka. Watu wa njia ile hunyamaza ikipita juu ya maji, kila mtu na Mungu wake. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua, harufu ilikuwa imeshafika.

Mtu wa kwetu haulizi hiyo ni harufu gani. Ni tamu kidogo, chachu kidogo, inapanda kwenye pua kama mtu anakufungulia mlango wa nyumba yenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Na wakati huohuo mzee alianza kuniegemea. Bega lake lote. Nikamtazama, mdomo wake unatikisika anasema maneno hayaungani, mara ndizi, mara jina la mtu, vidole vinahangaika na kifungo cha koti hakifunguki. Mate yakamtoka, yakaangukia kofia ya mwanangu.

Nilimsukuma kwa kiwiko.

Ndiyo, mimi. Nilimsukuma kwa nguvu nikajisemea moyoni: Mzee wa kanisa! Kumbe ulikuwa unakataa maandazi kwa sababu tumbo limejaa rubisi. Nilifuta ile kofia kwa kitambaa huku nimekunja sura, na kama ningekuwa na pa kuhamia ningehama.

Ndipo yule mama akamwita mhudumu.

Mhudumu alikuwa msichana mdogo, si wa kwetu, kwa lafudhi yake nadhani mtu wa pwani. Akainama, akanusa, akauliza, "Hii harufu ni ya nini hasa?"

Ungemwona yule mama alivyofurahi kuulizwa! Akajigeuza kiti kizima.

"Hiyo ni rubisi, mwanangu. Pombe yetu ya ndizi. Na hiyo si ya leo, hiyo imelala, sikia ilivyo kali. Mimi nimezaliwa kwenye rubisi, huwezi kunidanganya. Huyu amekunywa tangu jana, ameamkia tena."

"Amezimua," akasema kijana aliyekaa nyuma yetu, mwenye shati jeupe na kamba ya kitambulisho shingoni. Watu wakacheka. Nikageuka nikaona ameinua simu juu ya viti vyetu, anarekodi. "Mzee wa rubisi angani," akawa anasimulia kwa sauti ya mtangazaji. "Wazee wa Kagera hawana dogo, ndugu zangu."

"Mzee mzima, na suti," mama akaendelea. "Aibu tupu. Wengine hapa ni watu wa Mungu."

Na mimi nilikuwa nacheka. Kidogo. Kicheko cha kutaka nionekane niko upande wao.

Mtoto ndiye aliyenifanya nimguse. Alinyosha mkono akamshika mzee kidole, na nilipomtoa niligusa ule mkono. Ulikuwa umelowa na ni wa baridi. Nikamgusa shingo, jasho linatiririka mpaka kola imelowa, na baridi ileile.

Nimelelewa na shangazi yangu pale Bilele, dada wa baba, na shangazi alikuwa na kisukari cha sindano. Mara tatu nimemkuta jikoni hivyohivyo, anaongea upuuzi, anagombana na sufuria, jasho baridi, macho yanatazama mtu hayupo. Mara ya kwanza majirani walisema amerogwa. Si kurogwa wala si ulevi. Ni sukari imekwisha mwilini, mtu kachoma sindano bila kula, na isiporudishwa upesi, anakwenda.

"Huyu ni mgonjwa," nikasema. "Sukari imeshuka. Dada, lete soda. Lete chochote kitamu."

Mhudumu akanitazama, akamtazama mzee. "Leo hatujapakia soda, tuna maji tu. Na abiria akiwa amelewa haturuhusiwi kumpa kitu."

"Hajalewa!"

"Mama mtoto," mama wa mbele akasema, polepole kama anayemwonea huruma punguani, "pua unayo?"

"Mama, nakuomba, una kitu chochote kitamu? Pipi, biskuti?"

Alikuwa nayo soda. Niliiona. Chupa ya soda ya machungwa imesimama kwenye mkoba wake, shingo nje, ina matone ya ubaridi. Aliona kuwa nimeiona. Akavuta zipu ya mkoba mpaka mwisho.

"Nimpe mlevi soda yangu? Hapa ni dukani?"

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti la mzee. Nilijua shangazi yangu alikuwa anaweka wapi kadi yake.

"Anampekua!" mama akapiga kelele. "Mnaona jamani? Anampekua mzee wa watu!"

"Endelea dada, naona vizuri," yule wa simu akasema.

Kadi ilikuwepo. Ya kliniki ya kisukari, imekunjwa mara mbili, ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamtupia mhudumu. Akaisoma, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika, ni mtoto tu yule, amefundishwa kuonyesha milango ya dharura.

"Lakini harufu," akasema kwa sauti ya chini.

"Mtu hawezi kuwa na sukari na akalewa pia?" mama akauliza watu wote. "Wote wanaokunywa ni wazima?"

Mhudumu akanirudishia kadi, akaenda mbele mbio. Akarudi. Rubani alikuwa ameshawataarifu watu wa Mwanza kuwa kuna abiria mlevi, askari wanasubiri chini, na sasa tunaanza kushuka, kila mtu akae. Kama kuna daktari ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Kijana wa shati jeupe baadaye nilimsikia akimwambia jirani yake kuwa yeye ni ofisa wa afya. Ofisa wa afya! Ana simu mkononi!

Mzee alikuwa ameacha kuongea. Kichwa kimelala nyuma, koo linatoa mlio kama wa maji yanayopita kwenye bomba lenye tope. Suruali yake ilikuwa imelowa. Nilijua kinachofuata, niliwahi kukiona kwa shangazi, kutetemeka kama kuku aliyechinjwa. Nikavuta begi kwa mguu nitafute, sijui nitafute nini, uji wa mtoto ulikuwa umekwisha. Mguu wangu ukaingia kwenye maji.

Nikainama. Begi lilikuwa limelowa chini kote. Nepi zimevimba. Nikapeleka mkono ndani ya khanga nikaishika chupa, imefura imekuwa ngumu kama jiwe, na pembeni mwa kifuniko nilichokikaza kwa nguvu zangu zote povu linatoka, linasema sss, sss, dogodogo.

Harufu ilikuwa yangu.

Nataka niwe mkweli juu ya kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachonichefua kuliko kilemba, kuliko simu. Kwenye mkono wangu nilikuwa nimeshika lita nzima ya sukari. Na sikuitoa. Niliishika pale chini, nimeinama, mtoto ananing'inia, nikafikiria watanionaje. Mama mzima na mtoto mchanga ananukisha ndege pombe. Yule wa simu ananigeuzia. Mume wangu ananiona, mawifi wananiona. Nilifikiria yote hayo vizuri kabisa, kwa mpangilio, huku mzee anakoroma kando ya sikio langu. Muda wa kumbadilisha mtoto nepi, ndivyo ninavyoupima. Muda huo unatosha mtu kufa.

Halafu nikatafuta njia ya kujificha. Hilo ndilo nililofanya, sikukata shauri la kishujaa lolote. Nilijifunika kitenge kama ninayenyonyesha, nikachukua kikombe cha mtoto, kile cha njano chenye mdomo wa kunyonyea, nikalegeza kifuniko cha chupa kidogokidogo ili kisilipuke, nikajaza. Nikatoka na kikombe mkononi, mtu asijue kimetoka wapi.

Nilichovya kidole, nikampaka mzee ndani ya shavu na kwenye fizi, kama tulivyofundishwa kwa shangazi, maana aliyezimia ukimmiminia unamzamisha. Nikapaka tena. Fizi zake zilikuwa kavu, meno ya bandia yamelegea, nikayatoa nikayaweka mfukoni mwake. Mama wa mbele akatoa mlio wa kutaka kutapika.

"Unamtia vidole mdomoni! Na huo mkono unamshika mtoto!"

"Geuka mbele," nikamwambia.

"Eti?"

"Nimesema geuka mbele, mama, kabla sijakuvua hicho kilemba."

Akageuka. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo maishani mwangu na sijatubu.

Nilipaka mpaka nikaona koo limepanda na kushuka. Nikamwekea mdomo wa kikombe. Akanyonya. Mzee wa kanisa, suti ya kijivu, ananyonya kikombe cha mtoto chenye picha ya bata, na nyuma yangu ofisa wa afya anachekea puani. Kikombe kikaisha. Nikarudi chini ya kitenge, nikajaza tena. Mwanangu alikuwa analilia kikombe chake. Magurudumu yakagusa ardhi ya Mwanza tukiwa kwenye cha tatu.

Alifungua macho wakati watu wanafungua mikanda. Yalizunguka, yakanipata. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama suruali yake. Cha pili, akavuta kitenge changu kidogo, akajifunika mapaja.

"Nimekuchafua, mwanangu?"

"Hapana, tata. Kunywa."

Akalamba midomo. Macho yake yakabadilika, yakawa ya mtu wa kibanja.

"Omuramba," akasema kwa Kihaya, taratibu mno. "Ya wapi?"

"Kishanda."

"Imeanza kugeuka."

Nikamsogelea sikio. Nikamwambia yote kwa maneno machache, chupa, kifuniko, harufu, kuwa watu wanasema amelewa na askari wako chini. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya mavuno. Kisha akaniuliza, "Wewe unaendelea?"

"Mpaka Dar."

"Na hawa?"

"Wengi wao."

Akafumba macho. "Basi nyamaza. Mimi nashuka hapa. Wewe una safari nao, una mtoto."

Nilifarijika. Naandika neno hilo na mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Askari akaingia na mwenzake. "Mlevi yuko wapi?" Mama akaonyesha kwa kidevu. Wakamshika mzee makwapa, kichwa kikaanguka mbele, hakuweza kusimama. Mmoja akasema, "Mpeleke chumba kile alale, pombe imtoke."

Nilijua sukari ile ya vikombe vitatu haikai. Shangazi alikuwa anaamka, tunashangilia, nusu saa baadaye anazama tena asipokula. Wakimlaza chumbani peke yake na mlango umefungwa, jioni watamkuta maiti, na mlevi vilevile.

Basi nikasema. Lakini sikilizeni nilivyosema. Nilimvuta mhudumu mkono, nikamnong'oneza: "Harufu si yake. Ni yangu. Chupa imemwagika chini ya kiti, angalia." Akainama akaona. Akanitazama, na yale macho ya yule msichana nitakwenda nayo kaburini. Aliwakimbilia wale askari kwenye ngazi, nikasikia anasema kisukari, kisukari, kiti cha magurudumu, apelekwe kwa daktari sasa hivi. Nilikuwa nimemwekea mzee kadi yake mfukoni na nyuma yake nimeandika namba yangu ya simu na maneno haya: amepewa juisi ya ndizi. Kikombe aliondoka nacho amekishika kwa mikono miwili.

Ndani ya ndege hakuna aliyesikia nilichonong'ona. Kwao mlevi ameondoka. Mhudumu akapulizia kitu cha malimau. Akachukua begi langu bila kuniomba, akalitia kwenye mfuko mweusi wa taka, akalipeleka nyuma kabisa.

"Angalia alivyomwagia mtoto vitu," mama wa mbele akasema. "Amekuharibia mpaka begi." Na watu wakaanza kunisifu. Una moyo, mama mtoto. Mimi nisingeweza. Mungu atakulipa. Hata yule kijana akaniambia, "Big up, sista," akiwa anachagua kipande cha kutuma.

Tulipokuwa tumesharuka tena, yule mama akafungua zipu ya mkoba. Akatoa soda. Akajipinda, akaninyoshea juu ya kiti.

"Chukua mwanangu, unywe. Umechoka na lile zee. Na tusameheane, nilikuwa na hasira."

Soda ileile ya machungwa.

Niliipokea. Nikasema wakola, mama. Nikainywa yote.

Siku ya nne mdogo wangu akanitumia video. Imezunguka Bukoba nzima, akasema, cheka ufe. Ni ya dakika moja. Mzee anaongea ovyo, mate yanamtoka, sauti ya mama inaeleza umri wa rubisi, na pembeni dirishani kuna mwanamke kijana amembeba mtoto. Anacheka. Kikombe hakimo. Kadi haimo.

Baada ya wiki ikaja simu ya namba nisiyoijua. Binti yake. Mzee alikuwa ametoka hospitali, mzima, anakula. Akanishukuru vizuri, akauliza hali ya mtoto, akaniambia kikombe wamekiosha wanacho.

"Dada, nikuulize. Usinifiche. Baba alikuwa amekunywa?"

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi. Hiyo video imefika Nyanga, watu wako kwenye matanga ya shangazi yetu wanaitazama. Kanisani wananong'ona. Nikimuuliza harufu ilitoka wapi, ananijibu, ya safarini yamebaki safarini. Baba yangu hajawahi kuonja pombe mimi namjua. Sasa kwa nini asiseme?"

Alikuwa bado ananificha. Wiki nzima, mbele ya mwanawe, mbele ya waumini wake, mbele ya waliokuja kumlilia dada yake, mzee yule alikuwa amekubali kuwa mlevi ili mimi nisiitwe hivyo, mimi niliyemsukuma kwa kiwiko.

Nikamwambia binti yake kila kitu. Jani la mama mkwe, chupa, kifuniko, mpaka muda nilioinama chini nisiitoe.

"Sawa," akasema. "Mimi umeniambia. Na wao?"

Akakata simu. Sikumlaumu.

Niliandika kwenye kila kundi la simu nililokuta video ile. Niliandika: huyu mzee ni mgonjwa wa kisukari, hakulewa, harufu ni ya chupa yangu, mimi ndiye huyo wa dirishani. Kwenye kundi la ukoo walijibu kwa vikatuni vya kucheka. Wifi akasema ninatafuta umaarufu. Kwingine wakaniondoa. Video bado inatembea, maana yenyewe inachekesha na maelezo yangu hayachekeshi. Mama mkwe alinipigia akauliza jambo moja tu: "Uliikaza?" Nikasema niliikaza. Akasema, "Eee," akaongea mambo mengine.

Kwa hiyo nimeiandika ndefu, tangu Kishanda, na Jumapili ijayo nitaipeleka Nyanga kwa mkono wangu. Nilimpigia tena binti yake, amekubali isomwe siku ya kumaliza matanga, mbele ya walewale, na mimi nikiwa nimesimama pale na mtoto. Mzee bado hajaambiwa. Najua atataka kunizuia.

Ile soda, niseme na hili, ilikuwa bado ya baridi. Ilikuwa tamu sana.